Msusi Aliyehesabu Migongo ya Watu

Wateja walimpa jina la Upesi kwa sababu kichwa ambacho msusi mwingine angekianza asubuhi akakimaliza taa zikiwashwa, yeye alikimaliza chai ya saa kumi ikiwa bado na moshi. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya kiti kilekile, kiuno kimepinda kidogo upande wa kushoto, shingo imeinama, vidole vinakwenda kama vimeitwa mahali. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu, vioo viwili, viti vitatu, benchi la wanaosubiri, na picha za mitindo ukutani ambazo nusu yake hakuna aliyewahi kuziulizia. Walifanya kazi wawili, yeye na wifi yake. Wifi, dada wa mumewe, alikuwa mwanamke wa umbo kubwa, kazi yake kuosha na kukausha nywele, na ulimi wake haukujua likizo.

Ugonjwa ulianza kama mzaha. Upesi aliinama kuokota kitana, akasikia kitu kimekatika kiunoni kama uzi. Akanyooka, akaendelea kusuka. Kesho yake maumivu yalikuwa yameteremka: yametoka kiunoni, yamepita kwenye tako la kushoto, yakafuata paja kwa nje, yakazunguka goti, yakaishia kwenye kidole gumba cha mguu, kana kwamba mtu anammiminia maji ya moto kwa birika lenye mdomo mwembamba. Alimeza vidonge. Alijipaka dawa ya kuchua mpaka wateja wakawa wanaingia na kuuliza nani humu anaumwa. Wiki ya tano mumewe, fundi wa friji, mtu wa maneno ya kuhesabika, akamwambia wakiwa mezani:

"Mama watoto, friji ikilia wiki tano huipulizii marashi. Unaifungua."

Basi wakaenda hospitali. Wakamwingiza kwenye lile bomba la kupigia picha, lenye kelele kama karakana ya mabati, na siku ya tatu daktari wa upasuaji, kijana wa miwani mwenye mikono misafi kupita kiasi, akamwonyesha mgongo wake mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Akaeleza kwa ncha ya kalamu. Hizi ni pingili. Kati ya pingili na pingili pana kitu kama mto mdogo, unazuia mifupa isisagane. Mto mmoja, huu wa huku chini, umepasuka ubavuni, ute wake umetokeza nje na kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

"Kwa hiyo mnautoa," alisema Upesi.

"Tunaweza kutoa kile kipande kilichotokeza. Upasuaji huu unafanyika sana, na wengi wanapata nafuu mapema."

"Na nisipofanya?"

"Wengi pia hupata nafuu, ila taratibu. Miezi kadhaa. Ule ute mara nyingi hunywea wenyewe."

Upesi alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. "Sasa daktari, nifanye kipi?"

"Mguu wako una nguvu, una ganzi kidogo tu. Hakuna dharura. Vyote viwili vinafaa, uamuzi ni wako. Fanya mazoezi, fikiria, rudi baada ya wiki sita uniambie. Lakini ukishindwa kuzuia mkojo, au ukipata ganzi pale unapokalia, au mguu ukianza kulegea, usingoje tarehe. Njoo siku hiyohiyo."

Watu husema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa, tena akapewa wiki sita za kuchagua sufuria.

"Hebu niambie, wifi," alisema siku ile aliporudi saluni. "Umepeleka gauni kwa fundi, limechanika. Fundi analigeuza, analigeuza, halafu anakuuliza: nishone, au nisishone? Huyo ni fundi?"

"Angeniuliza mimi," wifi alisema, mikono imezama kwenye povu la kichwa cha mtu.

"Ungemjibu nini?"

"Ningemwambia akushone mdomo kwanza. Tangu asubuhi hatujapumzika."

Alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mrefu aliyemfundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua, kulala chali na kuinua kiuno, na kutembea kidogo kila baada ya kichwa kimoja. "Usikimbilie kisu," yule mama alimwambia, "mwili upe nafasi yake." Akatoka hapo ameamua kutopasuliwa. Alipofika nyumbani mumewe akauliza, "Wanaifungua lini?" naye akajikuta anajibu kwamba bado hawajapanga tarehe, kana kwamba ameshakubali. Usiku huo alilala upande wa kulia akiwa mtu wa mazoezi, akajigeuza upande wa kushoto, maumivu yakampiga, akawa mtu wa kisu. Kulipopambazuka hakujua yeye ni mtu wa nini.

Ndipo saluni ilipoingilia kati. Mtu akikaa saa nne kichwa chake kiko mikononi mwako, akiwa hakuoni uso, atasema mpaka ya chumbani. Upesi alikuwa anajua nani anahama, nani amefukuzwa kazi, nani anasubiri majibu ya hospitali, na wote hao hakuwahi kuwauliza. Safari hii aliuliza. "Dada, humjui mtu aliyewahi kupasuliwa mgongo?" Nani asiyemjua? Kila aliyekaa alikuwa na mtu wake. Shemeji, jirani, mwalimu aliyemfundisha, binamu wa mtu aliyekuwa amepanga naye nyumba moja.

Kichwa cha Upesi kikajaa migongo ya watu asiowajua. Akaona bora ahesabu. Akachukua kopo tupu la mafuta ya nywele, akaliweka juu ya rafu kati ya vioo viwili, na kando yake zile shanga wanazowafungia watoto kwenye ncha za mabutu. Akisikia habari ya mtu aliyepasuliwa akapona, anadondosha shanga nyeupe. Akisikia ya aliyepasuliwa akaharibika, au ya aliyekataa kisu akapona mwenyewe, anadondosha nyeusi. Rangi itakayozidi siku ya daktari, hiyo ndiyo itakayosema.

"Kura za mgongo," wifi alisema. "Na mimi nimo au nawekwa pembeni kwa sababu ya udugu?"

"Una habari ya mtu?"

"Nina habari yako. Umepinda kama mpini wa mwavuli. Weka nyeupe."

"Habari ya mtu aliyepasuliwa."

"Pasuliwa basi, nikuletee habari."

Wiki ya kwanza nyeupe zilishinda. Kulikuwa na mwalimu aliyepasuliwa wakati wa likizo, na muhula ulipofunguliwa akawa anakimbizana na wanafunzi uwanjani. Hiyo ilisimuliwa na wateja watatu, kila mmoja na mwalimu wake. Wiki ya pili zikaja nyeusi: dereva wa lori aliyeamka kwenye kitanda cha hospitali hasikii kitu kuanzia kiunoni, bibi mmoja aliyekataa, akalala sakafuni mwezi mzima, akainuka mzima. Wiki ya tatu kopo lilikuwa nusu kwa nusu, naye Upesi akawa kila akipita mbele ya rafu anachungulia kama mtu aliyeweka maziwa jikoni.

Wiki ya nne mteja mmoja, karani wa posta, alisema kitu kilichomfanya akosee njia ya kichwa, yeye ambaye hakosei.

"Kuna msusi," karani alisema, "sijui ni wa mtaa upi, nimesikia tu. Alipasuliwa mgongo. Sasa hivi anasukia kwenye stuli, mguu mmoja anauburuta. Kazi yenyewe anaipoteza taratibu."

Msusi! Si dereva, si mwalimu, bali mtu wa kusimama nyuma ya kiti kama yeye. Upesi alifumua mistari miwili aliyoikosea, akaisuka upya, na karani alipoondoka akadondosha shanga nyeusi. Akafikiri kidogo, akadondosha ya pili.

"Mtu mmoja kura mbili?" wifi aliuliza.

"Huyu ni wa kazi yetu."

Tangu hapo yule msusi hakumtoka kichwani. Alimwonea huruma. Alijiuliza ana watoto wangapi, na wateja wake wamemkimbilia nani. Siku nyingine, akiwa amekaa kwenye stuli ndefu aliyokuwa ameinunua tangu wiki ya pili ili kuupumzisha mguu, alijiambia: mimi sitaki kuwa kama yule.

Wiki ya tano, siku ya Jumanne, aliingia mteja mgeni, dada wa kama miaka thelathini, mwenye begi kubwa na simu isiyotulia. Alikuwa anapita, akaona mlango wa bluu uko wazi, akataka mistari ya kurudi nyuma, isiyobana. Upesi akashuka kwenye stuli, akaenda kuchukua nyuzi kwenye kabati, akarudi, akapanda tena, akaanza. Mistari mitatu haijatimia, akauliza swali lake.

"Mgongo?" mgeni alisema. "Ninyi mmeuliza mtu mwenyewe. Huku kwenu si ndiko kuna yule msusi aliyepasuliwa?"

"Tumesikia," alisema Upesi. "Unamjua?"

"Simjui kwa sura. Shangazi yangu ndiye anayejua watu wanaosuka kwake. Alikuwa fundi hasa, kichwa kizima kwa saa nne. Akaumwa mgongo, madaktari wakamkata, basi. Sasa anakaa kwenye stuli. Akitembea, mguu wa kushoto unafagia sakafu."

"Maskini," alisema Upesi. "Anaitwa nani?"

"Jina la utani tu nimelisikia. Upesi."

Mashine ya kukaushia nywele ilizimika. Wifi ndiye aliyeizima. Akasogea mpaka mbele ya kiti, akajifuta mikono kwa taulo, uso umetulia kama wa mtu anayehani.

"Huyo Upesi," aliuliza, "yu hai bado?"

"Yu hai, lakini mambo yake si mazuri. Mumewe naye nasikia ameshaoa mwingine."

"Ameoa?"

"Fundi wa friji, sijui. Wanaume ndivyo walivyo."

"Ndivyo walivyo," wifi aliitikia. "Kaka yangu wa tumbo moja anaoa, mimi sijaalikwa hata chai. Na wewe wifi, mwenzio yuko ndani na hukuniambia?"

Mgeni alitazama kioo. Akaona stuli, akaona anayemsuka ameshika nywele hewani bila kuzisuka, akaona na mguu wa kushoto ulivyoning'inia. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Jamani, mniwie radhi."

"Radhi ya nini, mama," alisema wifi. "Wewe umeleta habari tu. Sisi ndio tumeipigia kura, tena mbili."

Walicheka, wote watatu, mpaka mgeni akalazimika kufuta machozi na Upesi akashika kiuno kwa sababu kucheka nako kulimchoma. Hadithi ilieleweka hata bila kuelezwa. Mwezi uliopita Upesi alimwambia mteja kwamba daktari anafikiria kumpasua. Mteja akamwambia mwenzake kwamba Upesi anapasuliwa. Mwenzake akasema amepasuliwa. Neno likazunguka mtaa wa nyuma, likapita posta, likakaa kwenye kiti chake mwenyewe, naye akalipokea kwa huruma na kulidondoshea shanga. Wifi alipolimwaga kopo mezani na kuanza kuuliza moja moja, wale walimu watatu wakawa mmoja, tena mgeni alimfahamu: alipasuliwa goti. Dereva wa lori ajali ndiyo iliyomvunja, madaktari walimkuta hivyo. Zilipobaki shanga mbili ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi, wifi akazirudisha kwenye boksi la watoto.

Mgeni alisukwa, akaaga, akaahidi kumsahihisha shangazi yake. Alipokwisha kutoka, ndipo Upesi alipoacha kucheka.

"Wifi."

"Naam."

"Hajakosea yote."

"Usiniambie kaka yangu kweli ameoa."

"Mguu. Mimi sijapasuliwa, lakini wanasema mguu unafagia. Nani amewaambia? Mimi sikumwambia mtu."

Wifi hakujibu kwa utani, na hilo ndilo lililomtisha Upesi. "Tembea nikuone," alisema.

Upesi alitembea kutoka kwenye kabati hadi mlangoni. Alijitahidi kutembea vizuri, kama mtoto anayepimwa. Ncha ya kandambili ya kushoto ilisikika: krr, krr, krr.

"Nilidhani ni sakafu," alisema. "Nilidhani ni kandambili mpya. Nimejikwaa kizingitini wiki hizi zote nikamlaumu aliyejenga."

"Mimi nilidhani ni uchovu," wifi alisema taratibu. "Niliona. Nikasema akipumzika itaacha."

Wateja wameona, wifi ameona, mtaa mzima umeona na ukatunga hadithi ya kueleza ulichokiona. Mwenye mguu peke yake ndiye aliyekuwa ametazama kopo. Mawazo yakamchanganya upya. Hofu yake yote ilikuwa kwamba kisu kitamfanya aburute mguu. Sasa anauburuta, na kisu hakijamgusa. Je, hiyo ni sababu ya kukiogopa, au ya kukikimbilia? Walimwomba mteja wa saa tisa arudi kesho, wakafunga mlango wa bluu mchana kweupe, jambo lisilowahi kutokea, wakaenda hospitali bila kungoja tarehe.

Daktari alimwambia avue viatu, asimame kwa visigino, vidole vya miguu viangalie juu. Mguu wa kulia ulitii. Wa kushoto ulibaki umelala kama haukuitwa. Akamwambia akunje kidole gumba kuelekea juu, yeye akikisukuma chini kwa kidole chake kimoja. Kikashuka bila ubishi.

"Tangu lini?"

"Sijui, daktari. Waulize watu wa mtaani, wao wana tarehe."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu yake kuliko mara ya kwanza. "Mwezi uliopita nilikuambia vyote viwili vinafaa. Leo siwezi kusema hivyo. Mguu umeanza kulegea, na mshipa ukibanwa muda mrefu huwa mkaidi. Ushauri wangu ni upasuaji, wiki hii hii."

"Na nguvu zitarudi?"

"Mara nyingi zinarudi, wakati mwingine si zote. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Na mgongo utaacha kuuma?"

"Upasuaji huu ni kwa ajili ya mguu. Mgongo unaweza ukaendelea kuuma kiasi."

Upesi aliyapanga moja moja kwenye vidole. "Unapasua mgongo ili kutibu mguu, na mgongo unabaki na maumivu yake."

"Kwa ufupi, ndiyo."

"Wifi, umeelewa?"

"Nimeelewa maneno," wifi alisema. "Maana yake bado inakuja."

Aliomba simu. Mumewe alikuwa juu ya paa la watu akifunga kiyoyozi, upepo ukisikika. Upesi alimweleza yote, la mguu, la wiki hii, la si zote. Akasikia spana ikiwekwa chini juu ya bati.

"Wewe si ndiye uliyesema tufungue?" alimwambia.

"Nilisema," mumewe alijibu. "Lakini friji nikiikosea, nanunua nyingine."

"Kwa hiyo unasema nisifanye?"

"Sisemi hivyo. Nasema naogopa. Wewe unasemaje?"

"Nimepiga simu ili nisiulizwe hilo."

Kisha mumewe akasema anashuka, anakuja, na akifika akute ameamua lolote, yeye yuko na hilo.

Karatasi ya kuridhia ilikuwa na kurasa mbili. Upesi aliisoma yote, akarudi mwanzo akaisoma tena, midomo ikicheza. Kila mstari uliosema *huenda* aliugusa kwa kidole. Alitafuta ndani yake ile sauti ambayo watu husema huja, ile ya kukuambia hapa ndipo, lakini haikuja. Kilichokuwepo ni kidole gumba kilichoshuka bila ubishi. Hicho hakusimuliwa na mtu, alikiona kwa macho yake. Akaomba kalamu, na yule mwanamke wa vidole vyepesi akaandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine.

"Una swali jingine?" daktari aliuliza.

"Ninayo mengi. Mengine nitakuuliza nikishaamka."

Wifi alikuwa ametoka kumtafutia maji. Wakakutana kwenye korido, karibu na benchi lililojaa watu wenye mabahasha makubwa ya picha mapajani.

"Umesemaje?"

"Nimesema ndiyo. Alhamisi."

"Una uhakika?"

"Sina."

Wifi aliifungua chupa kwanza. Akampa chupa ya maji, akamshika mkono upande wa kushoto, na wakaanza kutembea kuelekea dirisha la kuandikisha wagonjwa, taratibu, mguu mmoja ukisikika zaidi ya mwingine.